Piano ya Kidijitali Ikigoma: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu Kabla ya Kumwita Fundi

"Mwalimu, piano imekufa."

"Imekufa au imenyamaza?"

Kijana alinitazama kama vile nimemtega. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, kwaya imeshajipanga, sauti ya nne wanakohoakohoa nyuma. Nikasogea. Taa ya umeme inawaka, kwa hiyo haijafa. Nikapitisha kidole kwenye tundu la hedifoni nikagusa kitu: kile kichwa kidogo cha kukuzia jeki ya simu iingie kwenye tundu kubwa. Kuna mtu alifanya mazoezi usiku kwa hedifoni za simu, akachomoa waya, kichwa akakisahau. Piano haijui kama hakuna anayesikiliza; kitu kikiwa ndani ya tundu lile, yenyewe inazima spika zake. Nilikichomoa, nikabonyeza C, sauti ikajaa ukumbi. Fundi naye alishapigiwa simu, yuko njiani na nauli yake.

Tangu hapo swali langu la kwanza ni lilelile. Iliyokufa haina taa. Iliyonyamaza ina taa, ila haitoi sauti au inatoa sauti isiyo yake. Ni magonjwa mawili tofauti, na nyingi ya zile nilizoletewa kama maiti zilirudi nyumbani bila bisibisi kuguswa. Nitaanza na ambalo ni la bure, nije kwenye la gharama ndogo, na kulifungua sanduku litakuja baadaye kabisa.

Jambo moja la maneno: nikisema kitufe, ni vile vyeupe na vyeusi unavyopigia muziki. Vile vya kuchagulia sauti na midundo nitaviita batani, ili tusichanganyane.

Hatua ya 1: Haina taa kabisa

Anza ukutani, si kwenye piano. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikichaji, soketi ni nzima. Kama piano ina waya mnene wenye plagi ya pini tatu, fungua plagi uangalie fyuzi yake. Kuna watu wamebeba piano ya kilo arobaini mpaka kwa fundi kwa sababu ya fyuzi ya mia chache.

Kisha adapta. Hapa ndipo piano nyingi zinapouawa na wenyewe. Adapta zinafanana, kichwa kinaingia, mtu anadhani mambo yamekwisha. Soma maandishi mawili: ya kwenye adapta na ya pembeni mwa tundu la piano. Mambo matatu lazima yaendane.

Volti iwe ileile kabisa. Yamaha nyingi za nyumbani na makanisani, kama P-45, hutumia volti 12. Casio kadhaa za siku hizi, kama CDP-S100, hutumia 9.5. Ukiitia Casio ya 9.5 adapta ya 12 unacheza kamari, na si kwa pesa yako peke yako, maana piano mara nyingi ni ya kwaya.

Ampea za adapta ziwe sawa au zizidi za piano. Zikizidi hakuna madhara, piano huchukua inachohitaji tu. Zikipungua, utaona dalili moja nzuri ya kukumbuka: piano inawaka, unapiga taratibu inaitika, ukiongeza sauti na kushindilia kodi nzito (noti kadhaa kwa pamoja) inazima au inajiwasha upya. Wengi hulaumu bodi, kumbe ni adapta iliyochoka. Ukiipima kwa mita ikiwa peke yake inaonyesha volti 12 safi, lakini ikibebeshwa mzigo inaanguka.

La tatu ni chanya na hasi. Tafuta mchoro mdogo wa duara mbili na nukta katikati. Vifaa vingi vya sasa vina chanya katikati, lakini Casio za zamani zilizotumia adapta ya AD-5 ya volti 9 zina hasi katikati. Ukigeuza, ukiwa na bahati kinga ya ndani itajitoa mhanga. Usipokuwa nayo, ni bodi nzima.

Adapta ikiwa nzima, tikisa waya taratibu pale unapoingia kwenye piano. Taa ikiwaka na kuzima, risasi ya kulehemu inayoshika tundu imepasuka kwa ndani. Hii ndiyo hitilafu ya kweli ninayokutana nayo kuliko zote, na husababishwa na watu kukanyaga au kuvuta waya. Fundi yeyote wa redio anaweza kulehemu upya kwa muda mfupi. Ukishairudisha, funga waya kwa kamba ya plastiki kwenye mguu wa stendi, ukiacha kipande kilegee, ili anayejikwaa avute stendi na si tundu.

Halafu kuna piano za mtumba kutoka Japani. Ni nzuri mno, zenye miguu na pedali tatu, zinashuka bandarini zikiwa kama mpya. Geuza nyuma usome kibandiko: kimeandikwa AC100V. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Kile kichwa cha kubadilishia plagi kinabadilisha umbo tu, hakipunguzi hata volti moja. Ukichomeka hivyo utasikia mlio mmoja na harufu. Nunua transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 100, yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, na andika kwa kalamu nene juu ya plagi: VOLTI 100 TU. Kwa za Marekani ni hivyohivyo, ila wao ni volti 120.

Hatua ya 2: Inawaka, lakini kimya

Hedifoni nimeshazisema. Ila tundu linaweza kuwa tupu na bado piano ikaamini kuna kitu, kwa sababu swichi ndogo ya ndani imeganda kwa kutu au vumbi. Sisi wa pwani tunaijua hii. Chumvi ya hewa haichagui. Piano ikiwa imezimwa, ingiza jeki na kuitoa mara ishirini hivi, kwa haraka. Mara nyingi swichi inajisugua na kuachia. Ikisaidia kwa wiki tu kisha ikarudi, nunua dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile inayokauka yenyewe, puliza kidogo sana kwenye jeki na urudie zoezi. Mafuta ya bawaba za mlango usiyaguse. Yanalainisha leo, kesho yanakusanya vumbi lote la ukumbi.

Kama hedifoni zinasikika vizuri na spika hazisikiki, umeshapata nusu ya jibu: vitufe, bodi na sauti ni vizima, tatizo liko kati ya jeki na spika.

Kama hata hedifoni hazina sauti, tafuta kwenye menyu maneno LOCAL CONTROL. Ikiwa imewekwa OFF, vitufe vimetenganishwa na sauti za piano yenyewe. Vinatuma ujumbe kwa kompyuta tu. Mtu alirekodi mwezi uliopita, akasahau kurudisha. Katika piano nyingi kuzima na kuwasha kunairudisha, ila si zote.

Na kabla ya yote hayo, samahani kwa kuuliza, umeangalia kitelezi cha sauti? Huwa nauliza mwishoni ili nisimuudhi mtu, lakini wewe kiangalie mwanzo.

Hatua ya 3: Inajizima yenyewe

Mahubiri yamekwenda dakika arobaini. Mchungaji anafunga kwa sauti ya chini, anamtazama mpiga kinanda, kijana anabonyeza kodi ya kwanza ya wimbo wa toba, hakuna kitu. Baada ya ibada wanakuja kuniambia ina shoti.

Haina shoti. Piano nyingi za sasa hujizima zikikaa bila kuguswa, na kwa Yamaha muda wa kiwandani ni dakika 30. Mahubiri yakizidi hapo, imelala. Kwa P-45, P-125 na vinanda vingi vya PSR-E, iondoe tabia hiyo hivi: zima piano, shikilia kitufe cha mwisho kabisa kushoto, na huku umekishikilia bonyeza batani ya kuwashia. Kwa aina nyingine tafuta AUTO POWER OFF kwenye menyu uweke OFF. Ikiwa inajizima hata katikati ya wimbo, rudi Hatua ya 1, kwenye adapta.

Hatua ya 4: Inalia, lakini si yenyewe

Unapiga C, kwaya inasema kii imepanda. Hiyo ni TRANSPOSE. Mtu alihamisha nusu sauti mbili kumsaidia mwimbaji, hakurudisha. Iweke sifuri. Kama tofauti ni ndogo, si nusu sauti kamili bali inakwaruza tu ukilinganisha na gitaa, angalia TUNING, iwe 440.

Upande wa kushoto na wa kulia vinalia sauti za kimo kilekile, kana kwamba kuna piano mbili fupi? Umeingia DUO, mpangilio wa mwalimu na mwanafunzi kukaa pamoja. Kushoto besi, kulia fidla? Hiyo ni SPLIT. Kila noti ina kivuli cha sauti nyingine? DUAL au LAYER. Ukipiga kwa nguvu au kwa upole sauti ni ileile? TOUCH imewekwa FIXED.

Noti za mwanzo zinapotea ukikanyaga pedali muda mrefu na kupiga nyingi? Hilo si bovu. Kila piano ina idadi ya noti inazoweza kuzibeba kwa pamoja. P-45 ni 64, na sauti mbili zikiunganishwa noti moja huhesabiwa mara mbili. Inyanyue pedali mapema zaidi. Hata kwenye piano ya mbao wimbo ungekuwa tope.

Ukichanganyikiwa kabisa, rudisha piano katika hali ya kiwandani. Kwa Yamaha nilizozitaja, zima, shikilia kitufe cheupe cha mwisho kulia, kisha washa. Andika kwanza mipangilio yako kwenye daftari, maana ulichohifadhi kinaweza kufutika, na usifanye hivyo dakika tano kabla ya harusi.

Hatua ya 5: Pedali inayofanya kinyume

Noti zinaning'inia bila kukanyaga, ukikanyaga zinakatika. Pedali haijaharibika, inazungumza lugha ya kampuni nyingine. Zipo pedali zinazounganisha umeme zikikanyagwa, na zipo zinazoukata. Piano nyingi husoma hali ya pedali wakati wa kuwaka na kuichukulia hiyo kuwa ndiyo hali ya mguu kutokuwepo. Kwa hiyo zima piano, chomeka pedali, toa mguu, washa. Waliowahi kuwasha huku mguu umetulia juu ya pedali wanajua ninachosema. Isipokubali, geuza pedali uangalie chini; nyingi za bei ya kati zina swichi ndogo ya kubadili.

Noti zikiendelea kuning'inia hata pedali ikichomolewa, angalia kama batani ya SUSTAIN imewashwa. Kama sivyo, basi ni kitufe, na sasa tumefika penyewe.

Hatua ya 6: Vitufe vilivyokufa, vinavyopiga kelele, vinavyokwama

Kabla ya kufungua chochote, chora ramani. Chukua karatasi, weka sauti ya piano ya kawaida, zima pedali. Piga kila kitufe kuanzia kushoto, mara tatu: taratibu, wastani, kwa nguvu. Kwenye piano kamili ni vitufe 88, haikuchukui robo saa. Andika herufi moja kwa kila chenye tatizo: K kwa kimya, L kwa kinacholia kwa nguvu kupita kiasi hata ukikigusa kwa upole, M kwa kinachokwama.

Sasa itazame ramani. Mpangilio wa ubovu ndio unaokwambia ubovu uko wapi.

Kikiwa kitufe kimoja hapa, viwili kule, bila utaratibu, ni uchafu kwenye sehemu za mguso. Hii unaiweza.

Ikiwa ni kundi zima lililokaa pamoja, labda oktava moja au nusu ya kushoto yote, ni waya bapa unaounganisha bodi mbili, umechomoka au kutu imeingia. Mara nyingi piano ilibebwa juu ya bodaboda siku chache kabla.

Ikiwa vitufe vibovu vimeachana kwa hatua sawa, mathalani kila cha nane, usipoteze muda kusafisha. Piano haina waya mmoja kwa kila kitufe. Inavisoma kwa gridi ya safu na mistari, kama daftari la hesabu. Mstari mmoja ukikatika, vitufe vyote vya mstari huo vinakufa pamoja, vikiwa vimetawanyika kwa mpangilio. Ni njia iliyokatika kwenye bodi, au waya bapa tena. Mpe fundi karatasi hiyo, umemwokolea nusu siku.

Kwa nini kitufe kichafu hulia kwa nguvu badala ya kunyamaza? Chini ya kila kitufe kuna kofia ya mpira yenye vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Kimoja hugusa bodi mapema, cha pili kinafuata. Piano haipimi nguvu ya kidole chako. Inapima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda mfupi, umepiga kwa nguvu. Muda mrefu, umepiga kwa upole. Sasa kidoti cha kwanza kikiwa na vumbi, kinachelewa kugusa, kinakaribiana na cha pili, na piano inaamini umeshindilia. Ndiyo maana yule E wa katikati, anayetumika kuliko wenzake, anakuwa wa kwanza kupayuka katikati ya ibada ya kimya.

Kusafisha. Kama ni kinanda chepesi cha vitufe 61, hata mgeni anaweza. Kama ni piano yenye vitufe vizito vyenye nyundo ndani, kazi ni ileile lakini njia ya kufika ni ndefu. Mara ya kwanza fanya ukiwa na mtu aliyewahi.

Chomoa umeme, toa betri. Tandika blanketi mezani, juu yake kanga safi, ulaze piano kifudifudi. Tafuta trei ya mayai. Kila skrubu unayoitoa iweke kwenye shimo lake kwa mpangilio wa ilikotoka, kwa sababu skrubu ndefu ukiirudisha mahali pa fupi itatokeza upande wa juu au kutoboa bodi. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Waya bapa usiuvute. Soketi zake nyingi zina kufuli ndogo inayonyanyuliwa kwa ukucha.

Ukishaitoa fremu ya vitufe, utaona bodi ndefu ya mguso imefungwa kwa skrubu nyingi ndogo. Iondoe. Mkanda wa mpira umejishikiza kwenye bodi kwa vichuchu vilivyopita matunduni. Vivute kimoja kimoja, taratibu, mpira wa zamani hukatika. Kabla haujatoka wote, weka alama ya kalamu upande unaoelekea mbele. Ukiugeuza, vidoti vya kwanza vitakaa mahali pa vya pili na piano itakuwa kichaa.

Mara ya kwanza nilipofika hapa niliduwaa. Nilitarajia vumbi, nikakuta ulimwengu: nywele, punje ya mchele, pini ya nywele, na kwenye kona ganda la mende mkavu. Chini ya E mbovu kulikuwa na unyuzi mmoja mweupe wa kitambaa. Mmoja tu. Ulitoka kwenye kile kile kifuniko kizuri cha kufuma walichoshona akina mama kuilinda piano.

Pata alkoholi ya isopropili, asilimia 90 na zaidi. Maduka ya vifaa vya elektroniki wanayo, Kariakoo hukosi. Spiriti ya rangi kutoka duka la dawa huacha utando, iepuke. Lowesha kidogo kijiti cha pamba, futa vidoti vyeusi vya mpira kwa mguso mwepesi, mara mbili tatu. Usisugue, kaboni ni rangi iliyopakwa, ukiisugua inaondoka na kitufe kinakufa moja kwa moja. Kwenye bodi, futa zile njia nyeusi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kifutio cha penseli, ambacho mafundi wa rimoti wanakipenda, hapa hapana. Acha vikauke robo saa.

Rudisha mpira kwa kusukuma kila kichuchu mpaka kichomoze upande wa pili. Mpini wa kijiti cha mshikaki usio na ncha kali unafaa. Hakikisha mpira umelala bapa. Ukinyanyuka mahali, hapo utapata noti isiyokoma. Unganisha waya, washa na ujaribu kila kitufe kabla ya kurudisha skrubu za kifuniko.

Kwa vile vya M, vinavyokwama, angalia kwanza kwa tochi kati ya vitufe. Sarafu ya sadaka ni mgeni wa mara kwa mara. Kadi ya plastiki iliyopitishwa kati ya vitufe viwili huitoa. Kama ni soda, hakuna ujanja, ni kufungua na kufuta sukari. Kitufe kilichovunjika kwa ndani huagizwa kwa jina lake la noti: F ya kinanda kimoja haifai mahali pa G, umbo lake ni tofauti, lakini F ya oktava nyingine mara nyingi inaingia. Mimi huhamisha kile cha noti ileile cha oktava ya pembeni kisichotumika, na kilichovunjika nakipeleka huko.

Hatua ya 7: Mkwaruzo, mvumo, na piano iliyokonda kwenye mikisa

Sauti ikikwaruza unapogusa kitelezi cha sauti, kitelezi kina vumbi. Kipeleke mwisho hadi mwisho mara hamsini, na kikishindikana tumia ile dawa ya viunganishi. Spika ikitetemeka kwa noti fulani tu, toa kila kilicho juu ya piano: miwani, kalamu, kitabu cha nyimbo. Kisha sikiliza kwa hedifoni. Zikiwa safi, kuna skrubu iliyolegea au kitu kimeingia kwenye wavu wa spika.

Tatizo linalosumbua wengi zaidi ni hili. Piano nyingine, P-45 ikiwemo, haina tundu la kutolea sauti kwenda kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), ina la hedifoni tu. Vijana wanachukua waya wenye jeki ya stereo, ile ya pete mbili nyeusi, kila upande, wanachomeka hedifoni kwa upande mmoja na mikisa kwa upande wa pili. Sauti inatoka, lakini imekonda, haina kifua, na baadhi ya ogani hazisikiki kabisa. Fundi mitambo anaongeza besi, haisaidii.

Sababu yake: kwenye hedifoni, ncha ya jeki inabeba kushoto na kipande cha katikati kinabeba kulia. Mikisa inayasoma kama waya mmoja wa maikrofoni, ikitoa kimoja kwa kingine. Kila kilicho sawa kushoto na kulia kinafutika, kinabaki kile kinachotofautiana. Nunua waya wa Y: jeki moja ya stereo upande wa piano, mbili za mono upande wa mikisa, uingize katika chaneli mbili. Chaneli ni moja tu? Tumia tawi la kushoto peke yake. Anza na sauti ya piano katikati, mikisa chini, kisha pandisha.

Mvumo wa mmmm usiokoma huja mara nyingi kompyuta inapokuwa imeunganishwa na inachaji. Chomoa chaja ya kompyuta. Ukikoma, dawa ni kisanduku cha DI chenye batani ya kutenganisha ardhi kati ya piano na mikisa. Usivunje pini ya tatu ya plagi. Nimeona wakifanya hivyo na mvumo ukaisha kweli, na nimeona pia mwimbaji akipigwa na maikrofoni mdomoni.

Hatua ya 8: Simu na kompyuta

Tundu la mraba nyuma, lililoandikwa TO HOST, ni la kompyuta; lile bapa ni la flashi. Kwa simu ya Android ongeza kichwa cha OTG, kile cha kuunganishia waya wa USB kwenye simu. Piano isipoonekana, badili waya kwanza, kisha uwashe upya programu huku piano imeshawaka. Kwa Bluetooth ya kutuma noti, unganisha ndani ya programu ya muziki, si kwenye mipangilio ya simu. Ukianzia kwenye mipangilio, mara nyingi programu haiioni. Sauti inayochelewa baada ya kidole: kama unatumia hedifoni za Bluetooth, sababu ni hizo, rudi kwenye za waya. Kwenye Windows, weka ASIO4ALL, programu ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti, ni ya bure. Kila noti ikilia mara mbili, hapo ndipo LOCAL CONTROL inapozimwa kwa haki.

Hatua ya 9: Soda, mvua na wapangaji wasiolipa kodi

Kimiminika kikimwagika, chomoa umeme ukutani kabla ya kutafuta kitambaa. Ipindue kifudifudi papo hapo, iache hivyo sehemu yenye feni siku mbili. Jua kali linapinda plastiki. Usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Maji peke yake si muuaji, muuaji ni maji pamoja na umeme. Baada ya soda au chai ya maziwa lazima ifunguliwe hata kama inalia, maana sukari huvuta unyevu na kula njia za shaba polepole.

Mende na mijusi hupenda bodi ya umeme kwa joto lake. Ziba matundu ya waya yasiyotumika kwa wavu mwembamba. Vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikusanye, uviweke chini ya kava la piano. Na kava liwe la plastiki laini au ngozi bandia. Akina mama wataelewa ukiwaonyesha ule unyuzi.

Hatua ya 10: Pale unapoacha

Ukifungua na kuona kapasita zilizovimba kichwani, alama ya moto, au piano ni ile yenye umeme wa 230 unaoingia moja kwa moja ndani, funika. Kapasita za upande huo hushika umeme hata baada ya kuchomoa, na mpiga kinanda anavihitaji vidole vyake vyote.

Unapomtumia fundi ujumbe, usiandike "piano mbovu, njoo". Andika hivi: "Shikamoo fundi. Ni Yamaha P-45, adapta yake yenyewe, volti 12 nimepima. Taa inawaka, hedifoni na spika zote zinalia. Vitufe vinane ni kimya, vimeachana kila cha nane, picha ya ramani hiyo hapo. Ilianza Jumatatu baada ya kubebwa kwenye pikipiki. Haijamwagikiwa, haijafunguliwa." Atakuja na vifaa vinavyohitajika, na bei atakayokutajia itakuwa ya kazi moja, si ya kazi pamoja na kutafuta.